Tupeane uzoefu: mchezo wa usukani na boksi ya stelingi katika magari ya zamani

Landirova_ya_Mzee (Arusha)

Salamu ndugu wanachama. Kila mwenye gari la miaka ya sitini au sabini hufika siku ambayo anazungusha usukani wee, na magurudumu yako kimya; huo ndio tunaouita mchezo. Siku hiyo huwa hakosi mtu wa kumwambia kwamba pembeni ya boksi ya stelingi (ile inayopokea mzunguko wa usukani na kuupeleka magurudumuni) ipo skrubu moja tu, ikikazwa kidogo tatizo limekwisha. Mimi niliambiwa hivyo nikaamini, na nusura niingie mtaroni katika barabara ya kwenda Namanga. Naomba nianze mimi, kisha kila mmoja aeleze yaliyomkuta mwenyewe, si aliyoyasikia kijiweni.

Gari langu ni Land Rover Series III ya mwaka 1974, ile ndefu ya inchi 109 kati ya ekseli mbili, niliyoachiwa na marehemu baba. Usukani ulikuwa ukicheza vidole vinne vizima kabla gari halijaitikia. Fundi wa gereji moja jirani alilegeza nati, akaingiza bisibisi, akakaza skrubu hadi mchezo wote ukaisha. Kazi haikuzidi dakika tano, nami nikaondoka nikijiona mjanja. Kona ya kwanza tu nikagundua kwamba usukani haujirudishi. Kwa kawaida ukishamaliza kona na kulegeza mikono, usukani hurudi wenyewe katikati. Huu ulibaki pale pale nilipouacha, na nilipourudisha kwa nguvu ulipitiliza ukashika upande wa pili, gari likawa linakwenda mrama barabara nzima.

Baadaye, boksi ilipofunguliwa mbele yangu, nilielewa kwa nini. Ndani mna skrubu nene iliyoungana na shafti ya usukani, na juu yake hutembea nati inayobebwa na gololi ndogo za chuma. Nati hiyo ndiyo inayosukuma shafti ya pili, ambayo huuzungusha mkono ulio nje ya boksi. Gari hutumia sehemu kubwa ya maisha yake likienda moja kwa moja, kwa hiyo chuma cha katikati huliwa zaidi kuliko cha pembeni. Ukitumia skrubu ya pembeni kuumaliza mchezo wote wa katikati, kule ambako chuma bado ni kinene patabana tu, na huko ndiko unakokwenda kila ukikata kona.

Kilichonisaidia hakikuhitaji hata spana. Nilimweka kijana wangu kwenye usukani, gari likiwa chini kwa magurudumu yake na injini imezimwa, nikamwambia autikise kushoto na kulia taratibu, mimi nikalala chini nikishika kila kiungo kwa kiganja. Kiungo kizima unakihisi kikienda kwa pamoja; kilichokwisha kinakugonga mkononi kabla ya mwenzake kusogea. Gari hili lina boli jointi, yaani viungo vya kichwa cha duara, sita kutoka kwenye boksi hadi magurudumuni, na nne zilikuwa zimekwisha kabisa. Nilipozibadilisha nikailegeza ile skrubu irudi ilikokuwa, mchezo ulibaki vidole viwili, na ndipo tulipoikaza tena, safari hii sehemu ya nane tu ya mzunguko, magurudumu yakiwa yametazama mbele na yameinuliwa kwa jeki.

Wenye Series wenzangu nawaonya kuhusu relei, kiungo kinachopitisha mwendo kutoka kwenye boksi kwenda magurudumuni, ile iliyosimama ndani ya boriti ya mbele ya chesisi (fremu ya chuma inayobeba gari). Humo mna springi kali iliyobanwa, na asiyejua akiifungua ovyo inaweza kumtoa jicho. Yangu ilikuwa kavu haina hata tone la oili, na uzito wote wa usukani nilioulaumu kwa boksi ulitoka humo.

Beetle_67 (Nairobi)

Asante mkuu kwa kufungua uzi huu. Mimi nina Volkswagen Beetle ya mwaka 1967. (Gari la aina hii lilishinda Safari Rally ya mwaka 1962, na sisi wenye nayo hatukosi kulitaja jambo hilo hata pasipohitajika.) Katika Beetle skrubu ya kurekebishia inafikiwa kutoka juu: unafungua boneti ya mbele, unaondoa tairi la spea, na chini yake unakuta kifuniko kidogo. Urahisi huo ndio uliotuponza wengi, maana mtu hukaza kwa sababu tu amepafikia.

Niliikaza mara mbili ndani ya mwaka mmoja, na mara zote mbili mchezo ulirudi baada ya wiki chache. Mzee mmoja mwenye gari kama langu alikuja na kipande cha chaki, akachora mstari mmoja uliopita juu ya bomba la ekseli ya mbele na juu ya kibano kinachoishikilia boksi, kisha akaniambia nitikise usukani. Mstari ulikatika vipande viwili mbele ya macho yetu. Boksi yenyewe ndiyo iliyokuwa inazunguka kwenye bomba, kwa sababu bolti za kibano zilikuwa zimelegea, na mimi nilikuwa nasaga chuma kizima ndani yake bila sababu. Tulikaza kibano, tukabadilisha kile kipira cha duara kinachounganisha shafti ya usukani na boksi, nacho kilikuwa kimepasuka pembeni, na tangu hapo skrubu sijaigusa.

Mgeni_wa_Uzi

Nimejifunza mengi. Je, hakuna aliyechoka na haya yote akafunga pawa stelingi, ule usukani unaosaidiwa na pampu ya oili?

FJ40_Morogoro

Mkuu, nipo mimi, na nilifunga mara mbili kwa sababu mara ya kwanza tulikosea. Gari ni Land Cruiser FJ40 ya mwaka 1977, ambayo tulilivalisha matairi mapana, na baada ya hapo kuegesha sokoni ikawa ni mazoezi ya viungo. Tulipata boksi ya pawa stelingi kutoka Land Cruiser ya mfululizo wa 60, pamoja na pampu na tangi lake.

Kosa lilikuwa kwenye chesisi. Chesisi ni mrija wa chuma wenye uwazi ndani, nasi tulitoboa matundu, tukapitisha bolti ndefu, tukazikaza kwa nguvu zetu zote. Kumbe kila tulivyokaza, kuta mbili za chesisi zilikuwa zinakaribiana, kwa hiyo bolti zilionekana zimekaza kumbe zinabonyeza bati. Baada ya mwezi mmoja wa barabara ya vumbi nililala chini kuangalia kilichokuwa kinalia, nikaona ufa mwembamba kama unywele umeanzia kwenye tundu la juu, ukingoni umezungukwa na kutu mbichi ya rangi ya chungwa. Nguvu ya pampu inayogeuza matairi ndiyo hiyo hiyo inayoivuta chesisi, na boksi ya zamani haikuwahi kuivuta hivyo.

Mara ya pili tuliziba ufa, tukachomelea bamba la milimita 6 nje na ndani, na katika kila tundu tukapitisha kipande cha bomba nene kutoka ukuta hadi ukuta na kukichomelea pande zote mbili, ili bolti ikazwe dhidi ya bomba na si dhidi ya uwazi. Katika kutoa hewa iliyobaki kwenye oili ya pampu, inua magurudumu ya mbele, zungusha usukani mwisho hadi mwisho injini ikiwa imezimwa, ongeza oili, rudia, na ndipo uwashe. Ukiona povu kwenye tangi, hewa bado imo. Sijutii kubadilisha, ila anayetaka pawa stelingi kwa sababu usukani unacheza atafute kwanza mchezo ulipo, maana boli jointi iliyokwisha haiponi kwa pampu.

Dizeli_Mombasa

Langu ni fupi. Mercedes-Benz W123, dizeli, ya mwaka 1980. Mafundi wawili walikubaliana kwamba boksi imekufa, na wa pili alikuwa na nyingine ya kuniuzia. Kabla ya kulipa nilishika ule mkono wa upande usio na boksi, ambao huku tunauita aidla, nikaupandisha na kuushusha kwa kidole gumba. Bushi yake, ile pete ya ndani ambayo mkono huzungukia, ilikuwa imebaki unga. Kuibadilisha kulimaliza robo tatu ya mchezo, na robo iliyobaki nimeamua kuishi nayo.

Fundi_Mstaafu (Tanga)

Wanangu, hamjagusa oili. Nimefungua boksi nyingi za Land Rover ambazo, baada ya sili (pete ya kuzuia oili isitoke) kuvuja, mtu alizishindilia grisi ya kawaida ya beringi ili zisidondoshe. Grisi nzito ikisukumwa pembeni mara moja hairudi. Nati inachimba njia yake humo, na baada ya muda gololi zinatembea kavu ilhali boksi imejaa. Boksi hizo zilitengenezwa kwa oili namba 90. Sili ni kitu kidogo, gololi zikishakwaruza njia yake hakuna skrubu itakayoirudisha.

Landirova_ya_Mzee (Arusha)

Shikamoo mzee. Hilo la grisi limenigusa, kwa sababu nilipofungua kifuniko cha boksi yangu nilikuta grisi nyeusi ngumu kama ubani, na katikati yake mfereji safi uliopitwa na nati. Niliisafisha kwa mafuta ya taa siku nzima. Sili mpya nimeshaiagiza. Kwa sasa naongeza oili kila Jumamosi na kuweka kopo chini usiku.