Mmelipia posta moja, mkaondoka na mhusika mzima: watayarishaji wa filamu, tulipeni sisi tunaofanya 3D

Wakuu, salaam.

Leo sizunguki. Kuna mtayarishaji wa filamu hapa Dar, jina simtaji kwa sababu suala hili nalipeleka kunakohusika, tulikubaliana nimtengenezee posta moja ya filamu yake. Moja. Mpaka naandika hapa, kazi yangu imeshakaa kwenye posta mbili, kwenye fulana za uzinduzi, ubavuni mwa gari la matangazo, kwenye ukurasa wa chaneli yake ya YouTube na kwenye bango la barabarani. Laki sita yangu ya masalio haijaingia, na jina langu halijaandikwa hata sehemu moja.

Najua watakuja watu hapa kusema "posta tu hiyo mkuu, si kompyuta ndiyo inafanya?" Kwa hiyo naanza na kazi yenyewe, tuelewane tunazungumzia nini.

Hadithi ilimtaka mzee anayetoka baharini. Ngozi imeota matumbawe, mabegani ameganda chaza, kiganjani ameshika ngalawa nzima yenye tanga. Mwigizaji wa kumpiga picha akatoka hivyo hayupo, na hela ya kumpamba mtu mpaka afanane na hivyo hawakuwa nayo. Ndiyo maana walinitafuta. Nilifunga safari mpaka Magofu ya Kunduchi kupiga picha mawe ya matumbawe kwenye yale makaburi ya kale, lenzi karibu kabisa na jiwe, siku ya mawingu ili kivuli kikali kisiharibu rangi. Nilitaka ngozi ya mzee iwe na vile vitundu vya jiwe la pwani, siyo ngozi ya zimwi lililopakuliwa kwenye maktaba ya modeli za bure ambalo kila mtu ameshalitumia.

Nikarudi nikachonga kichwa na mwili ndani ya kompyuta, umbo unaloweza kulizungusha pande zote, ndiyo 3D yenyewe. Nikaujenga mwili upya kwa poligoni chache, yaani vile vibapa vidogo vinavyounganishwa kuunda umbo, ili kiwiko na vidole vikikunjwa visivunjike. Nikaikunjua ngozi yote ikawa bapa, nikaipaka rangi kipande kwa kipande, nikaweka mifupa ya ndani ili mkono uinuke. Ngalawa nayo nimeijenga nzima, kuanzia mtumbwi, mlingoti, foromali na tanga lenye viraka mpaka matengo yote mawili, zile mbao za ubavuni zinazoizuia isipinduke. Halafu taa, na hapa wanaofanya hii kazi wananielewa: ukikosea taa, mzee mwenye matumbawe anageuka mdoli wa plastiki. Nilitaka mwanga wa alfajiri utoke nyuma yake, upite kwenye tanga, na mwingine mdogo wa kuakisiwa na maji umpande usoni kutokea chini.

Baada ya hapo unarenda, yaani unaiachia kompyuta ipige hesabu ya umbo, rangi na mwanga mpaka itoe picha kamili. Posta ya sinema ya kipimo cha Marekani, ambacho ndicho alichotaka yeye, ni inchi 27 kwa 40. Kwa nukta 300 kila inchi unapata pikseli 8,100 kwa 12,000, yaani zaidi ya milioni 97 kwenye picha moja. Picha ya HD kamili kwenye televisheni ina kama milioni 2. GPU, kadi ya picha ya kompyuta, ya mtu anayejitegemea haibebi mzigo huo kwa mkupuo, kwa hiyo unaikata picha vipande unarenda kimoja kimoja, na umeme ukikatika katikati ya kipande, kipande kile unakianza upya. Na renda ikikamilika bado huna posta. Ndipo unashika kalamu ya kompyuta uchore juu yake kwa mkono: povu la maji, ndevu, ukungu, michirizi ya chumvi. Mwisho unageuza rangi ziwe za kuchapia, unaona bluu yako ya bahari inafifia mbele ya macho yako, unarudi kuitafuta tena mpaka ikae.

Hiyo ndiyo "kompyuta inafanya".

Sasa makubaliano. Yako kwenye ankara na kwenye WhatsApp, na yeye alijibu "sawa kaka, tuendelee". Posta moja, filamu moja, laki tisa. Kianzio laki tatu, masalio siku ninayokabidhi picha ya kuchapa. Faili la modeli, yaani mzee mwenyewe wa 3D, lilikwenda kwa mhariri wa trela kwa kazi moja iliyoandikwa waziwazi, kwamba mzee ainue mkono sekunde chache mwanzoni mwa trela, basi. Nikakabidhi picha, posta ikachapwa, uzinduzi ukafanyika, watu wakapiga picha mbele ya mzee wangu wakarusha mitandaoni. Masalio, kimya.

Nikimpigia naambiwa mdhamini hajalipa. Mara filamu haijarudisha hela. Mara "njoo Jumatatu ofisini", Jumatatu yenyewe yuko mkoani. Nisikilizeni hapa, maana hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Mchapaji wa Kariakoo alilipwa taslimu kabla bango halijatoka kwenye mashine, kwa sababu bila hela mashine haiwashwi. Fundi wa fremu alilipwa. Mwenye ukumbi alilipwa. MC alilipwa. Wote hao wamelipwa kwenye shughuli ambayo sura yake mbele ya watu ilikuwa picha yangu, halafu mimi ndiye nisubiri filamu "irudishe". Tangu lini mchora posta amekuwa mwekezaji wa filamu? Ingekuwa ni uwekezaji tungeandikishana asilimia.

Halafu ikatoka posta ya filamu ya pili. Hiyo sikuambiwa kabisa, nimeiona kama mlivyoiona nyie. Mzee amesimama ametupa mgongo, anatazama mji. Nilipomuuliza akanijibu, nanukuu ujumbe wake: "Dogo hiyo tumetengeneza wenyewe na AI, acha kulalamika."

Wakuu, ule mgongo niliuchonga mimi. Kwenye posta ya kwanza mzee anatazama mbele, na kwenye trela pia anatazama mbele. Mgongo wake haujawahi kuonekana kwenye picha yoyote iliyotoka hadharani. Chini ya bega la kushoto niliweka safu ya chaza inayoshuka kwa mshazari mpaka kiunoni, na chaza mmoja amefunguka, ndani yake kuna kamba ya nyavu imenasa. Niliiweka kwa sababu mtu wa baharini angekuwa nayo, ingawa nilijua kamera haitafika. Posta ya pili ina safu ile ile, mshazari ule ule, chaza yule yule aliyefunguka, kamba ile ile na fundo lake. Hiyo AI iliota mgongo ambao haijawahi kuuona? Walilifungua faili langu, wakamgeuza mzee, wakarenda. Faili la asili ninalo, lina tarehe, na nina renda za majaribio za mgongo huo nilizozihifadhi kabla hata posta ya kwanza haijachapwa.

Kwenye fulana ndiyo kweli wametumia AI, na mtu wa pwani anaona mara moja: ngalawa imebaki na tengo upande mmoja tu. Kwa hiyo kazi wameiiba, halafu wameiharibu, na anayeijua posta ya kwanza atadhani ni mimi nisiyejua ngalawa ya kwetu inakaaje majini.

Kuhusu sheria, maana kuna mmoja aliniambia inbox eti "ukishalipwa kianzio kazi ni ya mteja". Hapana. Nchi hii ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Mchoro ni kazi inayolindwa, na ulinzi unaanza pale kazi inapotengenezwa, hausubiri usajili. Tanzania iko kwenye Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1994, na huo ndio msingi wake. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi, kunakusaidia kwenye ushahidi, na nawashauri mfanye, lakini haki unayo hata kabla ya kusajili. Kudurufu kazi yangu, kuibadilisha na kuitoa kwa sura nyingine ni mambo ya kuombwa ruhusa. Na kutajwa jina kama mtengenezaji ni haki yangu pia, siyo hisani ya bosi.

Hili la jina nalo nalisema kwa nguvu zote. Angalieni chini ya posta yoyote ya Bongo Movie. Kuna maandishi membamba yamebanana: mtayarishaji, mwongozaji, mpiga picha, mhariri, sauti, mavazi, hata aliyepika seti ameshukuriwa. Aliyetengeneza hiyo picha unayoisoma hayumo. Ghana miaka ya 1980, wachoraji waliokuwa wakipaka posta za vibanda vya video kwenye magunia ya unga walikuwa wakisaini pembeni, na leo magunia yale yananing'inizwa kwenye majumba ya sanaa Ulaya na Marekani yakiwa na majina yao. Mchoraji wa Tinga Tinga pale Oysterbay anaandika jina lake pembeni mwa tembo, na mtalii anaondoka nalo. Mimi niliomba mstari mmoja wa maandishi madogo kabisa chini. Nikaambiwa "unaharibu muonekano".

Wale wa "utapata jina, kazi zitakuja zenyewe", jina gani mnaloahidi wakati hata kuliandika mmekataa?

Na nyie madizaina wenzangu, msijifiche. Baadhi yenu mmeniambia kwamba huyu bwana aliwapitia kabla yangu na mkamtajia laki na nusu, faili la kazi juu. Posta ya 3D kwa laki na nusu, mhusika wa kuchongwa kuanzia sifuri, faili lote ukabidhi? Bando, umeme, GPU, leseni za programu, vyote unavilipa na nini? Nakubali Blender, programu ya 3D, ni ya bure na wengi wetu ndiyo imetutoa, lakini programu kuwa bure hakufanyi mkono wako uwe wa bure. Mkitaja bei kama hizo, mteja anakuja kwangu anasema laki tisa ni wizi.

Yale "mashindano" ya posta nayo muache kuyashiriki. Mtayarishaji anarusha tangazo kwenye grupu, kila mtu atengeneze posta yake, bora itachaguliwa. Watu ishirini wanakesha, analipwa mmoja, na mara nyingi huyo mmoja naye halipwi. Zile kumi na tisa nyingine amezipata bure, na mawazo yake anayachota humo mwaka mzima.

Kuanzia sasa kwangu ni hivi. Kianzio ni nusu, na bila nusu sifungui programu. Kabla ya masalio kuingia, mteja anaona picha ndogo yenye alama yangu katikati, ya kuangalia tu. Picha ya kuchapa na faili la modeli ni vitu viwili na bei mbili: ukilipia picha umepata picha, ukimtaka mhusika umgeuze na umvalishe utakavyo, huo ni ununuzi mwingine na bei yake ni kubwa, kwa sababu hapo unanunua kazi zangu zote za baadaye juu ya mhusika huyo. Mkataba unataja filamu gani, matumizi yapi na kwa muda gani. Fulana zina mstari wake, bango la barabarani lina mstari wake. Jina langu linaandikwa, na hilo halina punguzo.

Naomba kwa walioko humu na waliowahi kufanya kazi na mtayarishaji wa namna hii: kama una ushahidi wa faili lako kutumika nje ya makubaliano, njoo inbox na tarehe za faili, ankara na mazungumzo. Mmoja mmoja wanatuita walalamishi, tukienda watano na nyaraka mkononi tutasikilizwa. Wanasheria mliomo humu, nahitaji kujua jambo moja: madai ya masalio na madai ya kutumia kazi bila ruhusa niyafungue pamoja, au kila moja kivyake? Majibu ya "achana nao kaka, utapata wengine" sitayajibu.

Na wewe bosi, najua unasoma humu, maana ni humu humu ulinipata. Nataka laki sita ya posta ya kwanza. Nataka posta ya pili na zile fulana ziondolewe, au tukae tuandikishane malipo yake. Nataka mhariri wako afute faili la modeli na anithibitishie kwa maandishi. Ankara ya mwanzo iko kwenye barua pepe yako, ya pili nimeituma asubuhi hii. Namba ya akaunti ni ile ile.