CH50 ni sifuri lakini C3 na C4 ni za kawaida: kasoro ni ya mgonjwa au ya sampuli?

MaabaraPemba: Assalaamu alaykum. Tuna kijana aliyeugua homa ya uti wa mgongo zaidi ya mara moja, na daktari wake ameomba vipimo vya komplementi, yaani protini za damu zinazosaidia kuua vijidudu, kama C3 na C4. Tulitenganisha seramu (majimaji yanayobaki damu ikishaganda), tukaiweka katika friji kusubiri meli ya Mkoani, kisha ikavuka kwenda Unguja juu ya barafu ya kawaida. Majibu yanasema C3 na C4 zimo katika kiwango cha kawaida, ilhali CH50 ni sifuri. Inakuwaje protini ziwepo na kazi isiwepo?

MwalimuSeramu: Wa alaykum salaam. Vipimo hivyo havipimi kitu kimoja. C3 na C4 hupimwa wingi wake: kingamwili hushikamana nazo, mchanganyiko ukaingia ukungu, na mashine ikasoma mwanga unaotawanyika, kwa hiyo hata protini isiyofanya kazi tena huweza kuhesabiwa. CH50 hupima utendaji. Chembe nyekundu za kondoo zilizovikwa kingamwili za sungura huchanganywa na seramu iliyozimuliwa kwa viwango mbalimbali, na kinachotafutwa ni kiwango ambacho nusu ya chembe hizo hupasuka na kumwaga hemoglobini. Ili zipasuke, C1 lazima ijishike kwenye kingamwili na kuzikata C4 na C2. Vipande vya hizo mbili huungana na kuikata C3, kisha C5. Ndipo C5b inapokusanya C6, C7, C8 na C9 ili kuutoboa utando wa chembe. Akikosekana mmoja tu kati yao, kazi yote husimama, isipokuwa C9, ambayo ikikosekana kazi hupungua tu.

Hivyo ama seramu imeharibika njiani, ama kijana amerithi upungufu. Nakusihi usikimbilie kuilaumu meli, kwani watu waliokosa protini za mwisho za mnyororo huu, C5 hadi C9, ndio hasa wanaorudiwa na meningokoki, bakteria wa homa ya uti wa mgongo. Rudieni kipimo kwa bomba lisilo na dawa ya kuzuia damu kuganda. EDTA, mojawapo ya dawa hizo, haifai kabisa hapa, kwa sababu hunyakua kalsiamu inayohitajiwa na C1 na magnesiamu inayohitajiwa na C2. Damu igande katika joto la chumba, seramu itenganishwe, igandishwe papo hapo kwenye nyuzi 70 chini ya sifuri, na isafiri katika barafu kavu.

TabibuUnguja: Naongezea kwamba muombe na AH50. Kipimo hicho hufuata njia mbadala, ambayo huanzia kwenye C3 yenyewe bila kuhitaji kingamwili, na hutumia chembe za sungura huku kalsiamu ikiwa imezuiwa. Kwa kuwa C3 na C4 za kijana zipo, AH50 ikitoka ya kawaida huku CH50 ikibaki sifuri, mshukiwa ni C1 au C2. CH50 na AH50 zote mbili zikiwa sifuri, tazameni C5 hadi C8; aliyekosa C9 kwa kawaida hubaki na CH50 ya chini, si sifuri.

MaabaraPemba: Ahsanteni sana. Friza yetu haishuki chini ya nyuzi 20 chini ya sifuri.

MwalimuSeramu: Basi ni bora mgonjwa avuke yeye mwenyewe, atolewe damu pale pale penye friza ya kufaa. Ikishindikana, chukueni pia damu ya mtu mzima wa afya kwa wakati ule ule, na sampuli mbili zisafiri pamoja: CH50 ya huyo wa afya nayo ikitoka sifuri, mtajua kuwa majibu ya kijana hayawezi kutegemewa. Wakati mnasubiri, daktari wake azungumze na familia kuhusu chanjo ya meningokoki, na homa yoyote itakayompata ipelekwe hospitali bila kukawia.