NYUMBA YA MAMA KIGAMBONI 🏠

Zuhura 06:41
Asalaam aleikum wote. Mama shikamoo. Fundi wa pevingi alikuja jana, kapima uwanja wa nyuma. Mita za mraba 90, kila mita 35,000, humo humo mchanga, kushindilia na ufundi. Jumla 3,150,000. Tupo watano, kila mtu 630,000. Bei hiyo mwisho Ijumaa. Namba yake hii hapa chini. Naomba majibu LEO.

Zuhura 06:42
📇 Fundi Pevingi

Zuhura 09:15
Mmelala?

Zuhura 09:16
Tiki za bluu naziona.

Idd 09:50
Mie naona tusipige pevingi. Mvua ya juzi imetupa bwawa bure pale nyuma, tupandikize perege

Mwanaidi 09:52
😂😂😂

Shemeji Kassim 09:58
Kiingilio 2,000, watoto nusu

Zuhura 10:01
Shemeji na wewe.

Hamisi 12:37
Shikamoo mama. Nimetoka kikaoni sasa hivi. Zuhura, kabla ya pevingi, barua imeshaenda kwa wale waliotuuzia nyumba? Funguo tulikabidhiwa 20 Mei mwaka jana na muda wao wa kurekebisha kasoro ni miezi 12. Leo 9 Aprili.

Zuhura 12:40
Nimepiga simu mara tatu. Wanasema watatuma mtu.

Hamisi 12:46
Simu si barua. Iandikwe, ipelekwe, wagonge muhuri kwenye nakala yetu. Vigae vya bafuni vinavyolia tupu ukivigonga, ufa wa juu ya dirisha la mama, chemba ya nyuma. Kila kimoja na picha yake.

Hamisi 12:51
Na chemba ndiyo kubwa. Maji yanatuama pale kwa sababu udongo umedidimia kando ya bomba, walifukia bila kushindilia. Ukipanga pevingi juu yake, mvua kidogo tu zinabonyea. Tukiwaita watasema sisi ndio tuliochimba, imetoka hiyo.

Zuhura 12:53
Unaongea kama unakaa hapa. Mimi ndiye ninayepanda pantoni kila Jumapili, wewe uko Mwanza.

Hamisi 12:55
Sawa. Na hiyo 90 imetoka wapi? Nyuma ni 12 kwa 6. 72 hiyo. Mara 35,000 ni 2,520,000.

Idd 12:59
Ngoja nitoe. Imezidi 630,000 kamili. Kumbe fundi naye mtoto wa mama, kajitengea fungu lake 🤣

Zuhura 13:02
Amejumlisha na njia ya kwenda kwenye tanki!!

Shemeji Kassim 13:04
Mita za mraba 18? Tanki lenyewe liko Mbagala?

Zuhura 13:07
Cheka tu shemeji. Fundi anataka asilimia 70 kwanza akachukue tofali.

Hamisi 13:15
Hapana. Tofali tununue wenyewe. Zile za kawaida zinaingia 50 kwenye mita moja, zikishuka tunahesabu. Ufundi alipwe akimaliza. Au mmesahau bati za Pongwe?

Zuhura 13:16
Nilijua. NILIJUA TU.

Zuhura 13:18
🚫 Ujumbe huu umefutwa

Zuhura 13:19
🚫 Ujumbe huu umefutwa

Mwanaidi 13:21
Jamani jamani

Idd 13:22
Mie nilikuwa darasa la tano, sihusiki

Zuhura 13:25
Bati za Pongwe nani aliweka sahihi? Sema humu humu, mama anasoma.

Mama 14:05
Wanangu nasoma tangu asubuhi mpaka macho yananiuma. Mambo ya bati baba yenu aliyamaliza kabla hajatangulia nisiyasikie tena. Pevingi mimi sikuomba. Mlango wa choo umevimba haufungi. Nikiingia nauegemeza kwa ndoo ya maji. Akija mgeni naona haya. Na kisamvu changu cha nyuma mtu asikiguse

Zuhura 15:31
Sawa mama. Nisamehe.

Hamisi 15:33
Nisamehe mama.

Zuhura 16:10
Basi barua naandika mimi usiku huu, mlango wa choo namba moja. Hamisi nitumie maneno ya hiyo chemba. Nani anaipeleka ofisini kwao Jumatatu? Mimi sina ruhusa kazini.

Zuhura 18:02
Nani?

Mwanaidi 18:40
Jumatatu nina kliniki dada. Labda Jumatano, nikiamka vizuri

Shemeji Kassim 18:55
Ofisi yao ipo wapi kwani?

Zuhura 18:56
Shemeji. Tulikwenda wote kuchukua funguo.

Shemeji Kassim 19:03
Mimi nilibaki kwenye gari

Zuhura 19:20
Na pevingi tunaacha kabisa au tunapiga mbele tu? Fundi ananiuliza.

Hamisi 20:14
Mbele gari linapita, zinatakiwa za unene wa milimita 80. Hizo alizopigia bei ni 60. Aanze hesabu upya.

Zuhura 20:15
Yaani.

Idd 22:47
Familia mie nimeshatuma 200,000, iliyobaki mwisho wa mwezi. Nisionekane mkorofi

Zuhura 22:48
Umemtumia nani?

Idd 22:49
Si ile namba uliyoweka asubuhi

Zuhura 22:49
Idd pokea simu

Zuhura 22:51
IDD