Watu wa tamthilia wanataka kukodi nyumba yetu siku nane, tuwape au tuwaache?

Kijana_wa_Makabe

Wakuu, habari za jioni. Nyumba ni ya marehemu baba, ipo Mbezi Makabe, ghorofa moja, vyumba vitano. Tangu mzee aondoke wanaishi mama na dada wa kazi tu. Wiki iliyopita jamaa wawili walikuja na bodaboda, wakasimama getini wakawa wanapiga picha ngazi za nje, halafu wakaomba kuonana na mwenye nyumba. Kumbe wanatafuta mahali pa kushuti tamthilia. Wanataka "nyumba ya tajiri wa zamani kidogo". Ndivyo walivyosema, sijui ni sifa au ni kashfa.

Wanahitaji siku tano mwezi ujao na nyingine tatu baadaye, tarehe bado. Wametaja 150,000 kwa siku. Mama hataki kusikia habari ya viatu kwenye kapeti lake. Mimi naliangalia bati linalovuja chumba cha nyuma. Bei hiyo ni ya haki? Tuandikishane nini? Na mama anaweza kubaki ndani wakati wanafanya kazi yao?

MamaTunu_Goba

Mwanangu, pole na msiba wa baba. Mimi nimewapokea mara tatu hapa Goba, kwa hiyo nakueleza niliyoyaona kwa macho yangu.

Mara ya kwanza sikuuliza wanakuja kushuti nini. Nikaona nyumba ni nyumba, wacha waje. Asubuhi saa kumi na mbili wakafunga turubai nje ya geti, wakapanga viti vya plastiki, wakakalisha kina mama kwenye mkeka, wakaanza kulia. Walilipwa kulia, lakini walilia haswa. Mimi nipo jikoni nachemsha chai. Mjumbe wetu akapita, akaona turubai kwangu, na anajua nina presha. Hakuuliza mtu. Akaenda moja kwa moja kutangaza.

Nusu saa haikupita, majirani hao wanaingia, khanga mabegani. Mmoja kabeba sukari kilo mbili. Mama wa genge analia kuwashinda waigizaji, anaita jina langu. Dairekta naye badala ya kusimamisha akawanong'oneza wa kamera waendelee! Ndipo nikatoka na kikombe changu mkononi kuuliza kuna nini. Yule wa genge aliponiona alikaa chini palepale mchangani, hakusema neno. Ilinichukua wiki mbili kuzunguka nyumba kwa nyumba kuomba radhi, na sukari waligoma kuichukua.

Kwa hiyo la kwanza, omba uelezwe sini zote zitakazoshutiwa kwako, kwa maandishi. Kama kuna msiba, kuna risasi, kuna polisi wa bandia, mjumbe na serikali ya mtaa wajue siku moja kabla, na majirani wa pande zote. Waombe wakuonyeshe na kibali cha Bodi ya Filamu. Sheria ya filamu ipo tangu 1976, si jambo la jana, na wanaofanya kazi kihalali wanatembea nacho.

La pili ni Luku. Hapa ndipo nilipoliwa. Walikuja na taa tatu kubwa, kila moja kilowati 2. Ziwashe kwa muda wa saa kumi uone: yuniti 60 kwa siku moja. Mimi nilikuwa kwenye ile tarifu ya matumizi madogo, isiyozidi yuniti 75 kwa mwezi mzima! Siku hizi naandika namba ya mita mbele yao asubuhi na jioni, tofauti wananunua wao. Taa kubwa zije na jenereta yao, na jenereta ikae mbali na dirisha la jirani mwenye mtoto mchanga.

La tatu, friji. Usicheke. Fundi wa sauti hataki mngurumo wake, kwa hiyo anachomoa waya. Jioni wamechoka, wanafungasha, wanaondoka. Nilikuta samaki wangu, changu kilo nne, wananuka hadi sebuleni. Mara ya pili nilimwambia kijana wao wa sauti: ukichomoa, weka funguo za gari lako ndani ya friji, ili usiweze kuondoka bila kukumbuka kurudisha waya. Akacheka, akaniambia hata wenyewe wanafanya hivyo. Basi mbona kwangu hawakufanya?

Mama abaki, kwa nini asibaki, nyumba ni yake. Ila achague chumba kimoja kisichotumika na kifungwe kwa ufunguo, humo viingie vitu vyote vya thamani na hati za nyumba. Ajue tu kwamba akikohoa wanarudia upya.

Fundi_Lokesheni

Mama Tunu umenifurahisha, hiyo ya funguo ni kweli kabisa. Mimi kazi yangu ndiyo hiyo ya kupita na bodaboda kupiga picha mageti ya watu, kwa hiyo naongea kutoka upande wa pili.

Mkuu, usihangaike sana na 150,000. Angalia zile siku tatu za "baadaye". Wakishashuti sini ya kwanza sebuleni kwenu, nyumba yenu imeshakuwa nyumba ya yule tajiri. Pazia, kapeti, rangi ya ukuta, kila kitu kinatakiwa kibaki vilevile hadi warudi, la sivyo tajiri anaingia mlangoni pazia ni la bluu, anakaa kwenye kochi pazia limekuwa jekundu. Sasa "baadaye" inaweza kuwa wiki mbili, inaweza kuwa miezi minne, mwigizaji kasafiri, hela zimekata. Wakati huo mama hawezi kupaka rangi wala kuuza kochi. Nimeshawahi kumpigia mwenye nyumba nikakuta kabadilisha tailizi sebule nzima. Tulikaa kimya kwenye simu wote wawili.

Kwa hiyo andikeni tarehe ya mwisho ya kurudi. Ikipita, bei inajadiliwa upya au mnakuwa huru kubadilisha mnachotaka. Sipaswi kukwambia haya, lakini siku ya kurudi prodyuza ndiye mwenye shida, si nyinyi.

Mengine kwa haraka. Siku ni saa 12, ikizidi mnalipwa kwa saa. Siku ya kupanga vifaa na siku ya kuondoa zilipiwe japo nusu. Amana ishikwe na nyinyi, na pigeni video ya kila chumba mkiwa pamoja nao kabla na baada. Tepu wanazobandika ukutani zinabandua rangi, hilo nakiri. Choo: sisi huwa watu 30, kwa hiyo ulizeni maji watajaza nani tangi likiisha. Na kama anayelipa ni kampuni, atakata 10% ya kodi ya zuio kwenye pango. Dai cheti chake, usidhani mmepunjwa.

Binti_Shangani

Assalamu alaykum. Huku kwetu Mji Mkongwe nyumba ni za mawe na chokaa, tepu haibandui rangi tu, inaondoka na ukuta. Bibi yangu aliwaruhusu mara moja, wakataka kupigilia misumari kuning'iniza taa, akawatoa mbio. Tena vichochoro vyetu gari haliingii, kila kitu chabebwa kichwani, kwa hiyo wanachelewa na saa zinawaishia. Andikeni wazi: hakuna msumari.

Kijana_wa_Makabe

Shukrani sana. Nimemsomea mama yote, kwenye ile ya turubai alicheka hadi akatoa machozi. Tunawaambia 200,000, tarehe ya mwisho miezi miwili, umeme na maji juu yao. Viatu wavue, au watandike maturubai kuanzia mlangoni.

Kimebaki kitu kimoja. Sebuleni ipo picha kubwa ya mzee, kavaa suti ya kijivu, na dairekta ameipenda. Anataka iwe ndiyo picha ya yule tajiri wa tamthilia.

MamaTunu_Goba

Hiyo usiamue wewe. Muulize mama, na umuulize dairekta huyo tajiri ni mtu wa namna gani.

Kijana_wa_Makabe

Nimeuliza. Dairekta anasema tajiri alidhulumu shamba la ndugu yake. Mama amesema wakija kushuti yeye mwenyewe atapanda kwenye kiti aifunike kwa khanga, na wasiiguse.