Watumwa wa Bagamoyo: walikombolewa, au walibadilishiwa bwana?

Mwenyekiti wa Jumuiya
Tumsifu Yesu Kristo.

Mwezi ujao parokia yetu inakwenda kuhiji Bagamoyo, nami nimetwishwa tafakari ya kusoma ndani ya basi. Nikadhani ni kazi ya nusu saa: Wamisionari wa Roho Mtakatifu wamefika 1868 na Padre Horner, wamekomboa watumwa, wamejenga kijiji cha wakombolewa, amina, tuimbe.

Nilipoanza kusoma nikakwama. Watoto wale wa mwanzo walinunuliwa soko la Zanzibar kwa pesa mkononi. Wakapewa majina mapya. Siku yao ikaenda kwa kengele: ya kuamka, ya sala, ya shamba. Wakikua wanaozeshwa wao kwa wao, wanapewa nyumba na kipande cha kulima, lakini baadhi ya siku jembe lao ni la misheni. Na wapo waliotoroka.

Swali langu ni hilo la mwisho. Mtu anayetoroka kutoka kwa waliomkomboa, anatoroka nini? Tujadili bila matusi. Sipigani na Kanisa, nimebatizwa nikiwa na siku nane.

Mama Kwaya
Milele amina. Mwanangu, hilo neno "walinunuliwa" limenichoma. Pesa ile ilitoka Utoto Mtakatifu, shirika lililoanza Ufaransa 1843, watoto wa kule wakichangia senti zao ili watoto wenzao waokolewe. Ndilo hilo hilo la watoto wetu wanaoandamana na bendera siku ya Epifania. Leo mjukuu wangu naye anunue mtu?

Mtoto amekaa chini sokoni, ana homa, bei inashuka kwa sababu atakufa jioni. Wewe una pesa mfukoni. Ungefanya semina?

Mnazi Mkavu
Mama, shikamoo. Kwa hiyo ukilipa kwa hela ya sadaka, muuzaji hapokei? Amepokea. Na hela ile amerudi nayo bara kuleta wengine. Nani kalifikiria hilo?

Ila siwalaumu. Historia ya Kanisa mmefundishwa na makatekista wa darasa la saba, wale wale wanaowaambia mahujaji kwamba mnyororo ulioko kwenye mbuyu pale misheni ulifungia watumwa.

Mwana wa Dunda
Mimi ni Muislamu, ila nimekulia jirani na misheni, embe za pale nimeziiba sana (Mungu anisamehe, na mapadre pia). Ule mnyororo ni wa punda. Kulikuwa na mama wa Kifaransa, Madame Chevalier, muuguzi, alikuwa akimfunga punda wake kwenye ule mbuyu. Mnyororo ukaachwa, mti ukanenepa ukaumeza, sasa zinaonekana pete chache tu zinachungulia kwenye gome. Wanaotembeza wageni pale wanalieleza hilo vizuri, tatizo wageni hawasikilizi, wanapiga picha.

Binti Sesilia
Subirini. Nimelia pale. Miaka mitatu mfululizo. Nimeweka mkono kwenye ule mnyororo, nikafumba macho, nikawaombea marehemu wote. Nimemlilia punda??

Mwana wa Dunda
Punda naye alifanya kazi bila mshahara, dada. Dua haijapotea.

Mnazi Mkavu
😂😂 Mtakatifu Punda wa Bagamoyo, utuombee.

Mama Kwaya
Hapo umevuka mpaka, kijana. Cheka na wenzio, litania iache.

Kengeleni254
Hii stori ya kengele mnaiongea kama ni ya Wakatoliki peke yao. Huku Mombasa tuko na Frere Town, kijiji cha watumwa walioachwa huru, Waanglikana walianzisha 1875, na kengele ilikuwa hapo hapo, mpaka leo mahali panaitwa Kengeleni. Wengi waliletwa na manowari za Mwingereza: dau linakamatwa baharini, watu wanateremshwa, konseli anawagawia misheni. Hao hata misheni haikuwanunua. Waligawiwa. Sijui ni gani afadhali.

Mwenyekiti wa Jumuiya
Asante Kengeleni, na Bagamoyo nako walipokea wa namna hiyo. Sasa tuendelee hapo hapo: aliyegawiwa ana haki ya kukataa?

Mwalimu wa Kigango
Mimi ndiye katekista wa darasa la saba.

Nimesoma maneno ya huyo Mnazi Mkavu asubuhi, nikafunga simu, nikaenda shamba, nimerudi bado yananiwasha. Bwana mdogo, nina miaka ishirini na sita katika kazi hii. Kigango changu paroko anafika mara moja kwa mwezi, mvua ikinyesha hafiki, gari halivuki mto. Jumapili zilizobaki ibada naongoza mimi. Wagonjwa mimi. Mafundisho ya komunyo ya kwanza mimi, chini ya mwembe, ubao nimeupaka masizi ya betri na majani ya kisamvu ndio chaki ishike. Mtu akifa usiku hawampigii padre, wanakuja kugonga dirisha langu.

Ungetaka historia, hii hapa. Misheni ya Mhonda, kule bara, ilifunguliwa 1877. Unadhani padre alikwenda peke yake? Walikwenda vijana wa Bagamoyo na wake zao, hao hao mnaowajadili kama walikuwa huru au hawakuwa. Picha ukutani ni ya padre mwenye ndevu. Aliyekaa na watu akawafundisha baba yetu ni mtu ambaye jina la kwanza alilopewa na mama yake hakuna anayelijua. Sisi ndio wajukuu wao katika kazi. Kwa hiyo ukisema darasa la saba, sema ukiwa umesimama.

Binti Sesilia
Mwalimu pole. Kwani mnalipwa shilingi ngapi?

Mwalimu wa Kigango
Mwaka jana wakati wa mavuno nilipewa debe mbili za mahindi na kitenge cha sikukuu ya somo wa parokia. Kitenge kilikuwa kizuri.

Mtunza Hazina
Naomba watu wasiingize mambo ya fedha za Kanisa hapa. Ukatekista ni wito, si ajira. Mitume hawakuwa na mkataba.

Mnazi Mkavu
Ila mnara wa kengele wa parokia una mkataba, eti? Mkandarasi alilipwa kwa awamu tatu, na kila jumuiya ilipangiwa kiwango chake. Mama yangu aliuza kuku.

Mtunza Hazina
Mnara ulipitishwa na halmashauri walei, muhtasari upo. Wewe zaka yako ya mwaka huu umetoa? Njoo nikuonyeshe daftari.

Mnazi Mkavu
Toa daftari la mwalimu kwanza.

Mama Kwaya
Paulo Mtume alishona mahema na hakumlemea mtu.

Kengeleni254
Paulo huyo huyo amewaandikia Wakorintho kwamba wanaohubiri Injili wapate riziki kwa Injili. Barua ya kwanza, sura ya tisa. Mama, tafadhali, tusome yote.

Mwenyekiti wa Jumuiya
Ndugu zangu, naomba turudi kwenye mada. Mada ilikuwa wakombolewa wa 1868.

Mtunza Hazina
Mada imeharibiwa na wewe uliyeanza kulisema Kanisa vibaya. Papa Gregori wa 16 alilaani biashara ya watumwa 1839, hawa wasomi wa mitandaoni hilo hawalioni.

Mnazi Mkavu
Tunaliona. Tunaona pia Nikolao wa 5 mwaka 1452 akimpa mfalme wa Ureno ruhusa ya kuwatia wapagani utumwani. Kati ya hapo na hapo ni miaka karibu mia nne. Yohane Paulo wa 2 mwenyewe aliwaomba Waafrika msamaha kule Yaoundé 1985. Papa ameomba msamaha, mtunza hazina wa parokia hataki.

Mtunza Hazina
Mimi sina cha kuomba msamaha. Sikuwepo 1452.

Mwana wa Dunda
Na mnara ulikuwepo? (Natania, jirani.)

Mwenyekiti wa Jumuiya
Nimekaa nimesoma tena yote. Aliyesema hela ilirudi bara na muuzaji, hakujibiwa na mtu; tumekimbilia punda. Mimi mwenyewe sina jibu lake. Ila la mwalimu limenigeuza kidogo. Nilikuwa nimeandika "waliokombolewa" ukurasa mzima, hakuna mahali nimeandika walichofanya wao. Nafuta, naanza na Mhonda.

Mnazi Mkavu
Mwalimu, lile neno la darasa la saba nalirudisha. Babu yangu mzaa mama alikuwa katekista, nilisahau nilikuwa namtukana nani. La muuzaji silirudishi.

Mwalimu wa Kigango
Umesikika. La muuzaji mimi pia nalifikiria.

Binti Sesilia
Kwani mwalimu, hija hauji?

Mwalimu wa Kigango
Orodha ya basi ilisomwa kanisani parokiani. Siku hiyo nilikuwa kigango.

Mtunza Hazina
Basi limebaki na viti viwili. Kwa heshima, nauli ya mwalimu nitailipa mimi kutoka mfukoni, si kwenye mfuko wa parokia, ili maneno yaishe.

Mwalimu wa Kigango
Asante, mzee wangu, Mungu akubariki. Nauli ninayo, nimeuza mbuzi. Kukombolewa sitaki. Niandikie kiti cha dirishani.

Mama Kwaya
Kiti cha dirishani ni changu, mwalimu, natapika. Ila njoo ukae jirani, utanisimulia hiyo Mhonda.

Mgeni Mpole
Habari zenu. Sijasoma yote yaliyoandikwa, ila nina uhakika ule mnyororo wa kwenye mbuyu ulifungia watumwa. Tuliambiwa na katekista wetu.