Bamdogo na ule unga

Kikundi: UKOO WA BIBI TUNU

Alhamisi

Bamdogo Saidi: Asubuhi hii kabla ya chai sukari 5.1. Wiki iliyopita nilikuwa 13. Unga wa yule mzee wa gulioni si mchezo

Shangazi Mwanaidi: Mashallah! Nikatie na mimi kidogo

Juma: 👏👏 Bamdogo karudi ujanani

Mama Zuhura: Na dawa za hospitali je?

Bamdogo Saidi: Daonil ya kushusha sukari nameza kama kawaida, nanunua duka la dawa hapo chini. Kliniki mwaka wa pili huu sijakanyaga. Foleni ya nini na namba zenyewe ndo hizi?

Rehema: 👍

Jumamosi

Zuhura (04:52): Jamani aliye macho! Baba katota jasho mpaka godoro limelowa. Anaongea hayaeleweki, kaniita jina la marehemu bibi

Mama Zuhura: Jirani anasema ni shetani, kaenda kutafuta maji ya kombe

Rehema: Kombe baadaye. Zuhura mpime sukari SASA HIVI

Zuhura: 1.9

Rehema: Imeshuka mno. Anameza?

Zuhura: Kwa shida ila anameza

Rehema: Vijiko 3 vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, anywe taratibu. Akianza kulegea acha, usimmiminie, yatamwingia mapafuni. Dakika 15 mpime tena. Juma toa gari

Juma: Natoka

Juma (07:40): Katundikiwa dripu ya glukosi. Sasa 7.8, anaulizia chapati. Anataka turudi nyumbani na mimi naona kapona, tusilipie kitanda bure

Rehema: Ukimtoa leo utamrudisha usiku. Daonil inafanya kazi mpaka saa 24, na kama figo zimechoka inakaa mwilini zaidi ya hapo. Dripu ikitolewa sukari inaweza kushuka tena amelala, na safari hii asiwepo wa kumsikia. Figo zilipimwa lini?

Mama Zuhura: Si ndo huko kliniki asikokwenda

Hamisi Muscat: *Imesambazwa mara nyingi:* KOKWA LA PARACHICHI LAMALIZA KISUKARI SIKU 7...

Mama Zuhura: Hamisi futa hiyo

Hamisi Muscat: Samahanini, sikusoma juu 🙏

Shangazi Mwanaidi: Lakini Rehema mwanangu, unga ule ni majani tu. Majani yana ubaya gani?

Rehema: Shikamoo Shangazi. Majani ya nini, nani anajua? Na kama kuna kingine ndani? Mwaka 2008 kule Singapore watu zaidi ya 100 walilazwa sukari imeshuka, na wala wengi hawakuwa na kisukari. Walimeza vidonge vya magendo vya nguvu za kiume, kumbe ndani mna glibenklamidi, yaani hiyo hiyo Daonil. Wengine walikufa

Juma: Vidonge vya rangi gani hivyo?

Mama Zuhura: Juma unaulizia nini?

Juma: Nauliza tu

Shangazi Mwanaidi: Marahaba. Haya

Rehema: Na mimi nina kosa. Ile 5.1 niliiona nikiwa zamu, nikaweka dole nikaendelea na wagonjwa. Mtu yuko kwenye dawa ya kushusha, kaongeza kitu cha pili, sukari imeporomoka toka 13 ndani ya wiki, halafu tunampigia makofi. Zuhura, jana usiku alikula?

Zuhura: Hakula. Alisema anailinda namba

Rehema: Unga uliobaki usiutupe. Njoo nao pamoja na maboksi ya dawa, daktari avione

Zuhura: Kabatini kuna mfuko mtupu. Baba anasema uliobaki alimpa Shangazi jana

Rehema: Shangazi?

Rehema: Shangazi Mwanaidi, uko hewani? Napiga simu hupokei

Shangazi Mwanaidi: Nipo mwanangu, nilijilaza. Kichwa chepesi, mikono inanitetemeka hata kuandika tabu. Alfajiri nilikunywa kijiko, na vidonge vyangu juu yake. Chai bado

Rehema: Usiinuke kwenda mbali. Kunywa maji ya sukari sasa hivi. Nakuja

Shangazi Mwanaidi: Sukari humu ndani nilishaipiga marufuku

Rehema: Mwite mama Asha dirishani, alete ya kwake. Niko kwenye bodaboda