Nani aliwaruhusu kuhakiki katuni?

PembeniMwaFremu (Morogoro):

Wakuu, habari za jioni. Nina duka la steshenari hapa Morogoro, na mchana wateja wakipungua husoma magazeti ya katuni ya zamani. Wiki iliyopita niliandika kurasa mbili kuhusu mojawapo, nikampa rafiki yangu anayefundisha Kiswahili sekondari. Kwanza akacheka. Kisha akaniuliza, "Sasa hizi katuni za watoto unahakiki nini?" Usiku nikazisoma tena zile kurasa na aibu ikanishika, maana nilikuwa nimeandika dhamira, wahusika, mandhari, fani na maudhui, utadhani nimo kwenye chumba cha mtihani wa kidato cha nne. Michoro yenyewe niliipa sentensi moja: "Michoro inavutia."

Nasikia Marekani wako watu wanaohakiki katuni kwa uzito tangu zamani. Walianzaje? Walifunguliwa mlango na maprofesa au walijifungulia wenyewe? Na je, kampuni za katuni hazikuwanunia?

Tumbusi_wa_Vitabu:

Wasomi walikuwepo, tusiwafute. Gilbert Seldes aliisifu Krazy Kat, katuni ya magazetini, kitabuni mwaka 1924, tena kwa heshima zote. Umberto Eco aliandika kuhusu Superman mwaka 1962. Mwaka huohuo Ufaransa ikaanzishwa klabu ya wapenzi wa katuni, na mwongozaji filamu Alain Resnais alikuwamo. Hadithi ya kwamba mashabiki walifanya kila kitu peke yao ni tamu lakini pungufu.

StensiliYaTanga:

Mwanangu wa Morogoro, hiyo "michoro inavutia" nimeisahihisha darasani miaka yangu yote ya ualimu, na sijawahi kuipa alama.

Tumbusi kasema kweli. Lakini Seldes na Eco waliandika juu ya vitu ambavyo kila mtu anavijua. Mashabiki walifanya kazi nyingine, ya kichoshi zaidi: walitafuta nani kachora nini. Kaka yangu mkubwa alikuwa baharia, na akirudi lazima begi litoke na Donald Duck. Sisi watoto tulijua kabisa kuna bata mzuri na bata wa ovyo, tukigombania yule mzuri. Jalada lilisema Walt Disney, basi. Ukubwani ndipo nikasoma kwamba watoto wa Marekani nao waliona vilevile, wakamwita mtu huyo wasiyemjua "mchoraji mzuri wa bata". Mashabiki walikuja kumpata kwa barua mwaka 1960: Carl Barks, aliyekuwa anawachora bata hao tangu 1942 bila jina lake kuandikwa popote. Na wale watoto kumbuka hawakuwa na nadharia yoyote, walikuwa na macho tu.

Mwaka 1961 Jerry Bails, mwalimu wa chuo Detroit (wa sayansi, si wa fasihi!), akatoa jarida la mashabiki wa katuni, Alter Ego, kwa mashine ya kudurufu ya spiriti, ile ya wino wa zambarau. Wa rika langu wanaijua. Shuleni kwetu tulitolea mitihani ya majaribio; vidole vinakaa zambarau hadi Ijumaa, na mtoto ukimpa karatasi anainusa kwanza ndipo aisome. Wasomaji walijuanaje? Kampuni ya katuni ya DC ilikuwa imeanza kuchapa anwani kamili za wanaoiandikia barua. Kumbe kuna mwenzio mji wa tatu tu! Baadaye, kati ya 1973 na 1976, Bails na mwenzake wakatoa vitabu vinne vya majina ya waandishi na wachoraji wa katuni na kazi zao.

Kuhusu kununiwa: mwanzoni hapakuwa na cha kununia, yale yalikuwa mahaba. Roy Thomas, aliyeshirikiana na Bails kwenye Alter Ego, aliajiriwa na kampuni ya katuni ya Marvel mwaka 1965, na 1972 akawa mhariri mkuu. Simlaumu. Ila ukishakaribishwa jikoni, kusema chakula hakina chumvi kunakuwa kugumu.

Ukali ulikuja mwaka 1976. Gary Groth, kijana wa miaka ishirini na kitu, alichukua na mwenzake kijarida cha matangazo ya wauzaji wa katuni kuukuu, wakakigeuza kuwa The Comics Journal. Mahojiano yake ni marefu mpaka unaweza kuinjika maharage yakaiva hujamaliza. Miaka ya themanini jarida hilo likasimama na mchoraji Jack Kirby. Marvel ilikuwa inawarudishia wachoraji michoro yao halisi kwa kusaini fomu ya ukurasa mmoja. Kirby, aliyeichorea maelfu ya kurasa, alipewa fomu ya kurasa nne na kuahidiwa michoro 88. Jarida likachapa habari hiyo toleo baada ya toleo, wachoraji wakatia saini kumuunga mkono, na mwaka 1987 akarudishiwa kama elfu mbili hivi. Hapo ndipo uhakiki na uandishi wa habari vilipolala kitanda kimoja.

Kichuguu:

Mwalimu umetupa nyama ukaficha mifupa. Jarida hilo lilikuwa na dharau. Sisi wapenzi wa mashujaa wenye nguvu za ajabu, wa kofia na mabawa, tulisomeshwa kwamba hatuna akili. Na ukali una bei: mwaka 1980 mwandishi Michael Fleisher aliwashtaki kwamba mahojiano waliyoyachapa yamemchafulia jina, akidai dola milioni 2. Kesi ilisikilizwa 1986, baraza la wazee wa mahakama likawapa ushindi. Wakili lakini halipwi kwa ushindi.

StensiliYaTanga:

Kichuguu, dharau ilikuwepo, sibishi. Mimi mwenyewe yapo matoleo niliyoyafunga kwa hasira.

PembeniMwaFremu (Morogoro):

Asanteni sana, Mwalimu shikamoo. Leo sijauza hata kalamu. Nimeshusha boksi la sabuni lenye magazeti yangu, nikatoa ya Ndumilakuwili na Lodilofa, nikayapanga sakafuni na kuangalia pua tu. Pua, na mistari ya vidole. Kwa macho yangu kuna mikono miwili, labda mitatu. Mkono mmoja unabonyeza kalamu pale mstari unapokata kona, mwingine unachora wembamba uleule mwanzo mwisho. Sahihi nyingine zimo pembeni ya fremu, nyingine zimelowa hazisomeki.

StensiliYaTanga:

Marahaba. Zile kurasa mbili zichane. Haya ya pua ndiyo uyaandike, na pale penye sahihi weka namba ya toleo na ukurasa. Mimi nina magazeti saba kama hayo kabatini, kesho nikipata miwani nitakuhesabia.